Bata Bukini Mmoja, Bata Bukini Saba

Jumatatu, 3 Machi

Nimeosha bwawa la kiboko. Miaka kumi na tisa sasa. Leo nilipoinama kuokota brashi, mgongo ulitoa mlio kama bawaba ya mlango wa stoo. Kiboko mwenyewe akageuka kuangalia.

Saa nne Mkurugenzi alituita wafanyakazi wote kwenye banda la malisho. Jumanne ijayo bustani yetu ya wanyama itapokea wageni sita kutoka bustani za nje. Wapo wa Kiingereza, wapo wa Kihispania, wapo wa Kichina. Kila zizi liwe na bango la lugha hizo tatu. Atakayeifanya kazi hiyo vizuri atakuwa Ofisa wa Lugha na atapewa ofisi ndogo ya karibu na lango, ambayo imekaa tupu tangu daktari wa wanyama ahamie jengo jipya.

Ofisi hiyo naijua. Ina feni. Ina kiti cha kuzunguka.

Akauliza nani anazijua lugha hizo. Karani wa tiketi akanyoosha mkono, akasema anajua kidogo kidogo. Tunamwita Bi Nukta, kwa sababu hata akikuachia kikaratasi chenye neno moja, "Njoo", lazima aweke nukta. Nikapiga hesabu. Aliyesema kidogo hawezi kumshinda aliyesema zote. Nikanyoosha mkono, nikasema nazijua zote tatu, tena vizuri.

Nikapewa kazi. Bi Nukta akaambiwa awe mkaguzi.

Ukweli ni kwamba Kiingereza changu ni cha kusoma ndoo ya dawa ya kuulia vijidudu. Kihispania nina salamu moja. Kichina sina kitu. Ila bwawa nalijua, na sitaki kuingia humo nikiwa na miaka sitini.

Nyumbani nikamweleza mke wangu. Akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia ofisi yenyewe iko hapo hapo langoni, njia ndefu ya nini.

Jumanne, 4 Machi

Juu yetu, ghorofa ya tatu, anaishi Mwalimu mstaafu. Alifundisha lugha za watu kwa miaka thelathini na mitano. Mkewe alifariki, wanawe wako mbali, vitabu vimeenea mpaka jikoni. Nikamwomba anifundishe wingi tu. Lugha nzima ya nini? Mabango ni majina ya wanyama, na wanyama wetu wako wengi wengi.

Akaniuliza nina muda gani. Nikasema mpaka Jumatatu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema basi tuanze na Kiingereza.

Kiingereza unaongeza s. Lion, lions. Zebra, zebras. Alipofika hapo nikasimama nikamshukuru. Akasema bado kuna mambo. Nikasema siku nyingine, chakula kimeiva. Nikiwa ngazini nilimsikia akisema "isipokuwa". Sikurudi. Watu wa vitabu hawakosi isipokuwa.

Orodha nimeimaliza kabla chakula hakijapoa. Lions. Sheeps. Fishs. Gooses, hao ni bata bukini. Oxs, hao ni maksai. Mouses, panya weupe wa banda la watoto. Mongooses, nguchiro. Nashangaa watu huenda chuo kusomea jambo hili.

Nikampelekea shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wa mabango. Nikamwambia aanze na Kiingereza, aache nafasi chini kwa hizo nyingine. Shemeji ni mtu wa kazi. Haulizi. Akiambiwa paka, anapaka.

Jumatano, 5 Machi

Bi Nukta alikuja bwawani kukagua orodha. Akaisoma amesimama ukingoni, mimi nimo majini mpaka magotini. Mkao mbaya sana kwa Ofisa wa Lugha.

Akasema kwa adabu, "Samahani kaka, hawa kondoo naona wana s."

Nikamwambia ni kwa sababu wako wengi. Akasema kondoo wa Kiingereza hawawekewi s hata wakiwa elfu. Nikamjibu hicho ni Kiingereza cha dirishani, mimi natumia cha vitabuni. Akaandika kitu kwenye daftari lake, akaweka nukta, akaondoka.

Jioni nimepanda ngazi. Mwalimu hakunicheka. Angecheka ingekuwa afadhali. Sheep ni sheep, mmoja au kundi. Fish kwa kawaida ni fish. Goose wakiwa wengi ni geese. Mouse ni mice. Ox ni oxen. Nikauliza nani aliamua hivyo. Akasema hayo ni maneno ya kale, yamezeeka na tabia zake, na mzee habadilishwi tabia. Hapo nilimwelewa. Mgongo wangu nao una tabia zake.

Basi nikampigia shemeji simu. Alikuwa juu ya ngazi, hasikii vizuri, nikaona nimpe sahihisho moja tu, lile nililolivumbua mwenyewe bila kusaidiwa. Kama goose ni geese, basi mongoose ni mongeese. Mengine nitamwambia kesho.

Alhamisi, 6 Machi

Kwenye kibanda cha tiketi Bi Nukta ana kamusi kubwa ya Kihispania, jalada limeshonwa kwa uzi. Hapo ndipo anapozipata nguvu. Alipokwenda kunywa chai nikaichukua, nikaificha kwenye majani makavu ya zizi la mbuni. Si wizi. Kitabu hakijatoka ndani ya bustani.

Jioni, Kihispania. Neno likiishia irabu, ongeza s. Ganso, gansos, ndio bata bukini. Likiishia konsonanti, ongeza es. Likiishia z, hiyo z inageuka c kwanza. Mbuni ni avestruz, mbuni wengi ni avestruces. Simba ni león, ana kialama kichwani. Wakiwa wengi kialama kinadondoka, leones. Nikasema labda wakiwa wengi hawana haja ya kujipamba. Mwalimu akacheka, akainuka kuchemsha chai.

Akaendelea kutokea jikoni. Akasema Wahispania wanafanana na sisi: nomino ikiwa nyingi, wafuasi wake wote wanaifuata. Los leones viejos. Simba wazee wakali wamelala. Kila neno linapanga foleni. Alikuwa anaongea kwa raha, mikono inatembea. Akasema imepita miaka minne hajaulizwa swali kama hili.

Niliona aibu kidogo. Ilipita.

Shemeji nimemsahau.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nguchiro kwa Kihispania. Nilikwenda kuichukua kamusi. Mbuni ameikalia.

Nikamwomba kwa maneno mazuri. Nikampa majani. Nikampa karoti mbili. Alikula karoti zote mbili, akaikalia zaidi. Nilipoingiza mkono alinipiga teke la paja. Nimefanya kazi siku nzima nikichechemea, na Bi Nukta, ambaye amepoteza kamusi yake, ndiye aliyeniletea barafu. Akaniuliza kama nimeiona. Nikamwambia hapana. Kwa wakati ule ilikuwa kweli, sikuiona, ilikuwa chini ya mbuni.

Mwalimu aliniambia nguchiro kwa kichwa tu, bila kamusi. Kisha Kichina.

Nomino ya Kichina haibadiliki. Ng'ombe ni niú, akiwa mmoja, wakiwa zizi zima. Samaki ni yú. Nilikaribia kulia. Nikamwambia Mwalimu hawa ndio watu wenye huruma. Akaniuliza, simba wakiwa wawili mimi nawaitaje. Nikasema simba. Kondoo? Kondoo. Twiga? Twiga. Kiboko? Viboko. Kumbe miaka arobaini na tisa nimekuwa nikisema hivi, hakuna aliyenijulisha. Na katika wote hao mnyama anayebadilika ndiye niliyepangiwa mimi.

Kuna mtego, lakini. Ukitaka kuhesabu kwa Kichina, lazima uweke neno dogo katikati ya namba na mnyama, na kila aina ina lake. Ng'ombe huhesabiwa kwa tóu, maana yake kichwa. Samaki na nyoka kwa tiáo, la vitu virefu. Ndege kwa zhī. Nikasema wageni watamtafuta ng'ombe mwenye vichwa viwili. Mwalimu akasema nikitumwa dukani nasema ndizi chane mbili, sabuni miche miwili, na hakuna mtu anayekwenda kupanda sabuni shambani.

Nikaamua: nisihesabu.

Lipo pia neno la wingi, men, ila ni la watu tu, kama sisi, ninyi, walimu. Wanyama huwekewa kwenye hadithi za watoto. Alinisisitizia hilo mara mbili. Nitawawekea simba. Ndio wakubwa wa bustani, heshima haizidi.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji ameleta mabango. Kumi na mawili. Rangi ya mafuta, imekauka kama mawe. GOOSES. OXS. MOUSES. SHEEPS. FISHS. Kila S ameitia kivuli upande wa kulia, anasema ndiyo herufi aliyoifurahia kuliko zote. Na MONGEESE, safi kabisa.

Nikamwambia S tano zitoke. Aliangalia mabango, akaniangalia mimi, akaangalia miguu ya dada yake mlangoni. Kisha akachukua kisu cha kukwangulia. Alikwangua kuanzia saa nne hadi saa nane. Nikamwomba basi aweke EE kwenye goose na kadhalika. Akasema, "Shemeji, mimi nimeoa, nina watoto, Jumatatu nina ukuta wa shule. Nakumalizia hayo ya chini kama yalivyo kwenye karatasi, halafu usinipigie simu mpaka Pasaka." Akaandika Kihispania na Kichina, akafunga kopo.

Yamebaki GOOSE, OX na MOUSE, kila moja na kovu jeupe mwishoni. Nikakaa juu ya ndoo nikayatazama. Sheep na fish tayari ni sahihi. Hayo matatu nayo si makosa. Ni sahihi kabisa, kwa mnyama mmoja.

Basi kosa haliko kwenye mabango. Liko kwenye mazizi. Wanyama wamezidi.

Nikamrudisha shemeji akakwangue s ya gansos, na es ya ratones na ya bueyes. Kichina hakikuhitaji kuguswa. Shemeji hakuniaga.

Jumapili, 9 Machi

Nimelala. Mgongo umelala. Mke wangu hakulala, alikuwa anaongea na kaka yake kwenye simu, na jina langu halikutajwa ila nililisikia.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetundika mabango. Bi Nukta alisimama mbele ya GOOSE muda mrefu. Akauliza, bata bukini si wako saba? Nikasema leo wako saba. Akauliza nina maana gani. Nikasema Ofisa wa Lugha anaweza kuwa na maana zake.

Akaniambia taratibu kwamba goose wakiwa wengi ni geese, na kwamba bado kuna muda, yeye ana rangi na brashi nyembamba, tunaweza kurekebisha pamoja kabla ya jioni. Nikamwona anavyokitaka kiti. Nikamshukuru.

Jumanne, 11 Machi

Nimeamka kabla ya jogoo. Panya wanane nimewatia kwenye ndoo yenye matundu, mmoja kabaki bandani. Maksai mmoja nimemfunga nyuma ya bwawa. Bata bukini sita sikuwa na pa kuwaweka. Mwishowe niliwaswaga mpaka ile ofisi ndogo, nikawawashia feni, nikafunga mlango. Wa saba nikamwacha bwawani kwake peke yake, chini ya bango lake.

Wageni walifika saa tatu. Mkurugenzi kavaa tai. Kwa simba mambo yalikwenda vizuri. Mgeni mmoja wa Kichina, mzee mwembamba, alisoma bango, akatabasamu, akawaonyesha wenzake. Bi Nukta alinitafsiria: anasema limeandikwa kama hadithi ya kumlaza mtoto, "enyi simba". Nikainamisha kichwa kupokea sifa.

Kwa nguchiro wageni wa Kiingereza walipiga picha bango. Nguchiro hawakupigwa picha.

Kisha bata bukini. Huyu niliyemwacha alikuwa hajanyamaza tangu alfajiri. Anatembea kando ya wavu, anarudi, anatembea, anaita. Mimi nilidhani ana njaa. Mgeni wa Kihispania, mama mmoja mwenye kofia pana, akasimama. Akaniuliza jambo. Sikuelewa hata neno. Nikamwambia "uno", kwa sauti ya mtaalamu. Akauliza tena, uso umebadilika. Bi Nukta akajibu badala yangu, kwa Kihispania, polepole, mikono nyuma. Kumbe mama alikuwa anauliza wenzake wamekufa na nini. Bata bukini hawakai peke yao, akasema. Anayekaa peke yake huacha kula.

Hapo ndipo wale sita walipojibu, kutoka ofisini.

Yule mmoja aliposikia aliparamia wavu mpaka akaangukia upande wetu. Sikuwahi kujua kwamba anaweza. Alikimbia moja kwa moja kwenye mlango wa ofisi, akaugonga kwa kifua. Wageni wakamfuata. Mkurugenzi akawafuata wageni. Mimi nikawa wa mwisho, kwa sababu ya paja.

Mkurugenzi akafungua mlango. Feni ilikuwa imerusha makaratasi ya miaka mingi na manyoya mapya. Bata mmoja alikuwa juu ya kiti cha kuzunguka, anazunguka polepole. Wakatoka sita kwa pamoja, shingo mbele, wakamzunguka mwenzao, kelele tupu. Mzee wa Kichina alivua kofia. Yule mama alikuwa anajifuta macho.

Mkurugenzi akaniuliza kwa sauti ya chini ni nini hiki. Nikamweleza. Nikamwambia bango ni sahihi kwa mmoja, hivyo nilipunguza. Akanisikiliza mpaka mwisho, bila kunikatiza. Hilo ndilo lililoniuma. Kisha akauliza kama kuna wengine niliowapunguza. Nikamtajia maksai na ndoo.

Ni Bi Nukta aliyewarudisha bata, mikono imetandazwa, anawahesabu kwa sauti kwa kila lugha wageni wanapopita naye. Seven geese. Siete gansos. Qī zhī é. Mkurugenzi akamwuliza alijifunzia wapi. Akasema dirishani. Miaka kumi na moja, kila mgeni aliyekata tiketi alimwomba neno moja. Moja tu, ili foleni isikwame.

Jumatano, 12 Machi

Bi Nukta kapewa ofisi. Nilisaidia kuifagia.

Mhudumu wa mbuni ameipata kamusi. Imejaa mavi, ila mshono umeshika. Bi Nukta aliipokea kwa gazeti, akalitazama paja langu, akaitazama kamusi. Baadaye alikuja bwawani akaniambia Alhamisi jioni atakuwa anafundisha wafanyakazi wanaotaka, hata mimi nikaribie. Nikamwambia nitaangalia ratiba yangu.

Jioni mlango ulibishwa. Mwalimu. Ameshuka ngazi mwenyewe, mkono ukutani, jambo ambalo mke wangu anasema hajaliona tangu msiba. Ana karatasi tatu amezipigia mistari: kifaru, nyoka, kobe, kwa lugha zote, na isipokuwa zote pembeni kwa wino mwekundu. Akaniuliza wageni walisemaje. Nikasema walifurahi sana. Akafurahi. Akasema basi kesho tuingie kwenye vitenzi. Nikamwambia nimeshamaliza, Mwalimu, kazi imekwisha.

Alisimama pale kidogo. Kisha akaziacha karatasi juu ya meza, akapanda. Nilihesabu hatua zake mpaka juu. Alipumzika mara mbili.

Mke wangu alichukua sahani yake ya chakula, akampelekea huko juu. Mpaka sasa hajashuka. Nasikia wanacheka.

Jumatatu, 24 Machi

Wale wageni wametutumia barua. Wanampenda bata. Tena wanatupa zawadi: kiboko jike, ili wetu asikae peke yake. Bustani nzima inashangilia. Hakuna aliyeuliza bwawa linaoshwa na nani. Amefika leo asubuhi kwenye lori. Ni mkubwa kuliko wa kwanza na ameanza kazi ya kuchafua mara moja.

Mchana Bi Nukta alileta bango jipya, ameliandika kwa mkono wake. Hipopótamos, sawa. Kichina, hémǎ, sawa, hapo hata mimi siwezi kukosea. Kwa Kiingereza kaandika HIPPOPOTAMUSES. Nilimhurumia. Ana ofisi, ana feni, ana kiti, na bado anaongeza tu bila kufikiri. Neno linaishia mus. Panya ni mouse. Kwa sikio la mtu aliyesoma, hao ni ndugu wa tumbo moja, na wingi wa panya kila mtu anaujua.

Sikutaka kumwaibisha mbele za watu. Nilingoja aondoke, nikachukua rangi na brashi nyembamba, nikarekebisha polepole, bila kutetemeka, viboko wote wawili wananitazama.

HIPPOPOTAMICE.

Limekaa vizuri kuliko yote. Kesho Mkurugenzi anapita kukagua. Brashi nimeiacha pale pale chini ya bango, na kofia yangu juu yake, asije akadhani ni kazi ya mtu mwingine.